Chupa ya Manjano

Wenzake walishusha televisheni na mazulia.
Shemeji Mwinyihaji, mpishi wa meli ya mizigo,
alishusha chupa tatu za pilipili,
kila moja ndani ya soksi, zisigongane.
"Hii ya Babadosi," akasema. "Usiionje kwa kiburi."

Nikaionja kwa kiburi.
Mimi, mtoto wa Kuze, niliyelelewa na achari,
niliyeujua ukwaju kabla ya uji,
pilipili gani itanifunza adabu?
Ikanipa kwanza utamu wa embe,
kisha haradali, kisha kimya.
Nilipokwisha kucheka
ikabisha hodi nyuma ya masikio,
ikaingia bila kungoja karibu.

Tangu siku hiyo sili kitu kikavu.

Asubuhi ni mbaazi na mahamri:
tone moja ukingoni mwa sahani,
nachovya pembe ya hamri, nafumba macho.
Mchana nazima cherehani,
nashuka kwa Nyevu, viazi karai vya moto.
Yeye anamimina ukwaju wake,
mimi natoa chupa mkobani,
ananitazama kama mtu
aliyekwenda harusini na pilau yake.
Usiku ni wali uliolala, samaki wa jana,
au, mwezi ukiwa kona, sima na mchicha,
mchicha unaojijua kuwa ni mchicha tu;
matone mawili, nao umevaa, umetoka.

Msellem akauliza, "Mke wangu, wala chakula au wala chupa?"
Nikamsogezea.
Siku ya tatu nikamkuta anaificha nyuma ya birika,
ati watoto wasiifikie.
Watoto wetu wako Nairobi, wanafanya kazi.

Chupa ya tatu ilikufa kifo cha polepole.
Tuliilaza kichwa chini usiku kucha,
tukaipiga kisigino,
tukaisuuza kwa siki, tukainywesha muhogo ile siki.
Nikampigia shemeji. Yuko njia ya Karachi sasa,
huko, asema, kuna pilipili nyengine.
Sikutaka nyengine.

Chupa tupu nikaiweka dirishani.
Kwenye karatasi yake wamechora pilipili
fupi, nene, imejikunja
kama kibeti cha bibi aliyeficha senti.
Jumamosi moja Kongowea, nikitafuta nyanya,
nikasimama, watu wakanikanyaga.
Ile ile. Fungu zima, juu ya gunia.
"Hizi zaitwaje?"
Muuzaji akanionea huruma: "Mama, si pilipili mbuzi?"

Pilipili mbuzi!
Ambayo mama aliitia nzima mchuzini,
ikaelea katikati kama mgeni asiyesemeshwa,
nasi tukionywa, mwiko mkononi:
asiipasue mtu! Harufu yatosha.
Miaka hamsini nimekula harufu.

Nikazipasua. Kumi na mbili, kwa kisu cha samaki.
Mara ya kwanza nyumba nzima ilikohoa,
jirani wa juu akafunga madirisha na kuniombea dua;
nami nilijigusa jicho, sisemi zaidi.
Mara ya pili siki ilishinda kila kitu.
Mara ya tatu embe likakubali, haradali ikakubali,
kitunguu saumu, bizari kidogo,
na mkono wangu, sikuutuma,
ukaenda kwenye bakuli la ukwaju.

Si ya Babadosi. Rangi yake ni ya matope ya masika.
Nikampelekea Nyevu, nikamtilia juu ya kiazi.
Akatafuna. Akanyamaza.
Akajifuta paji la uso kwa pindo la leso,
akaangalia barabara muda mrefu
kama aliyemwona mdeni wake akipita.
"Iache hapo," akasema, "chupa."
"Ni moja tu."
"Iache."

Jana shemeji kapiga simu, meli yarudi mwezi ujao.
Nikuletee nini, akauliza, zile zile?
Nilikuwa nakatakata, siwezi kushika simu vizuri,
nikapaza sauti kutoka jikoni:
niletee chupa tupu.
Nyingi. Na vifuniko vyake.